Mkunga Mmoja

Kibera
Jumapili, 15 Februari 1998

Nasike,

Mulembe. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto huniuma mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua imekataa kuisha, kwa hiyo unauma kila siku. Choo cha nyuma kimebomoka. Kuku mweupe aliangua sita, wawili wamechukuliwa na mwewe. Boaz fundi viatu, ndiye anayeniandikia haya, anakusalimia, na mke wake amepona kikohozi. Kanisani wameleta mwalimu mpya wa kwaya, huyo anaimba kwa pua.

Hizo ndizo habari. Sasa sikia.

Ulitoka hapa mwezi wa kwanza na begi moja, ukaubamiza mlango mpaka mabati yakalia. Sijakuita urudi. Sikuiti. Kutoka hapa mpaka Kawangware 46 mtu anaenda kwa miguu na kufika kabla jua halijawa kali, lakini wewe umekaa huko wiki tano kama mtu aliyehamia Ulaya, na mimi nimeapa sitamfuata mtoto niliyemfunga nepi. Ndiyo maana natumia karatasi. Valentine wa mitumba akifunga kibanda chake soko la Toi anapita kwenu, atabeba.

Ni huyo Valentine aliyeniambia. Amesema umeandika habari za wakunga kwenye mashine, na watu wa kamati fulani wataketi mbele yake waone. Amesema kuna ukurasa uliomfanya ashike mdomo. Nikamuuliza, ukurasa gani? Akaanza kupanga sidiria zake kwa rangi. Valentine hajapanga kitu kwa rangi tangu azaliwe.

Mimi ndiye mkubwa wa wakunga upande huu. Tuko tisa. Anayetaka kusema habari zetu anaanzia kwangu. Umeandika nini?

Sweta yako ya bluu iko hapa. Nimeifua. Sijasema uje uichukue.

Ni mimi Nekoye, niliyemzaa mama yako.


Kawangware 46
2 Machi 1998

Kukhu wangu,

Mulembe sana. Pole kwa mguu, na pole kwa vifaranga. Mimi niko sawa. Nimegawana chumba na msichana mwenzangu kwenye ploti ya Mzee Dedan Ng'ang'a, mtu wa hapa hapa. Hapo palikuwa shamba la babake kabla nyumba hazijajaa. Chuo cha kompyuta kiko orofa ya juu. Mwalimu wangu, Wakarima, amenipa kazi ya kufundisha wanaoanza. Stima ikiwepo tunafundisha, ikipotea tunapiga stori.

Umeuliza nimeandika nini. Nitaeleza polepole, na Boaz asikusomee mbio.

Kompyuta zetu ni za zamani, picha haziwezi. Zinaonyesha skrini nyeusi na maandishi meupe peke yake, tunaiita terminali. Nimetunga programu ndogo kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Maneno yangu ninayaandika kwenye faili la kawaida, vile mtu anaandika barua. Mahali ninataka ukurasa uishe napiga mstari wa vistari, hivi:

-----

Programu ikikuta huo mstari inasimama. Nikibonyeza Enter inafuta skrini na kuleta ukurasa mwingine. Basi, hiyo tu. Ni mistari thelathini na moja na ilinimaliza wiki mbili. Wakarima anasema ukurasa usizidi maneno ya mistari mitano, watu wasichoke.

Tarehe 16 Mei kamati ya kliniki mpya itakaa hapa chuoni, na mwenyekiti ni Sista Angeline, nesi. Mzee Dedan pia yumo. Kutakuwa na vyumba viwili vya kuzalia, kimoja hapa kwa Mzee Dedan na kimoja huko kwenu karibu na Ayany. Wataamua kama wakunga waingie humo wafanye kazi na manesi, ama wapigwe marufuku na majina yapelekwe kwa chifu. Mimi wameniomba nitayarishe kurasa. Ziko nane. Ya nne inasema:

Mwaka 1977, Kibera.
Mama wa miaka 21 alijifungua nyumbani.
Alitokwa na damu mpaka akafa.
Alikuwa mikononi mwa mkunga mmoja.
Mtoto alipona.

Sasa na mimi nikuulize. Tangu utotoni umeniambia mama alikufa na malaria. Mwezi wa kwanza, kwenye matanga ya Mzee Walubengo, Mumbua mkunga mwenzako akanishika shavu akasema, "Maskini Nabalayo, na ile damu." Nilikuuliza jioni hiyo hiyo, ukaniambia nisonge ugali.

Kukhu, malaria gani hiyo?

Mjukuu wako,
Nasike


Kibera
9 Machi 1998

Nasike,

Salamu utazipata mwisho, kama zitabaki.

Boaz amenisomea mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia asome ule ukurasa peke yake.

"Mama wa miaka 21." Nani huyo? "Mkunga mmoja." Nani? "Mtoto alipona." Mtoto gani, wa kuku? Nabalayo umemtoa jina, mimi umenitoa jina, na wewe mwenyewe umejitoa jina. Umechukua nyumba yangu nzima ukaifanya watu wasiojulikana, uiweke mbele ya mwenye ploti aitazame huku anakunywa soda.

Na mistari mitano! Huyo Wakarima wako anapima wafu kwa mistari? Mimba peke yake ni miezi tisa.

Kama unataka kunishtaki, nishtaki vizuri. Andika: Nekoye, mke wa marehemu Khamala, anakaa Kibera, mlango wa kijani, ukiuliza mtoto yeyote atakuonyesha, maana wengi wao walinikojolea mimi kabla ya kumkojolea mama yao. Sijawahi kujificha nyuma ya "mmoja".

Boaz anasema Python ni jina la chatu. Sawa. Mfuge.

Kuhusu swali lako: ugali ulikuwa unaungua.

Wote ni wazima. Vifaranga wamebaki watatu. Boaz anataka niweke "wako mpendwa" hapa chini. Nimemkataza.

Nekoye


Kawangware 46
29 Machi 1998

Kukhu,

Mulembe. Sisi ni wazima, ila matope yamekula viatu vyangu, nitamletea Boaz avishone kupitia Valentine. Wakarima amepata mtoto wa kiume, na kabla hujauliza, ndiyo, hospitalini.

Nilikasirika nikakaa wiki mbili bila kushika kalamu. Umeona nimekutoa jina. Hukuona ni kwa nini? Jina likiandikwa pale linaweza kwenda kwa chifu. Nilikuficha, Kukhu! Nimekasirika na wewe hivi na bado nilikuficha, halafu unanitukania chatu.

Sitaki kukushtaki. Nataka kujua. Mimi ndiye mtoto wa mstari wa tano. Kila siku yangu ya kuzaliwa ulikuwa unanichinjia kuku, halafu unatoka nje unakaa kwenye kijiwe mpaka nimalize. Nilidhani huwa hupendi kuku. Miaka yote hiyo nakula kuku peke yangu, nikifikiri ni sherehe.

Niambie ilikuwaje. Nitaandika vile utakavyosema, neno kwa neno, hata kama ni mistari mia. Usiponiambia, ukurasa wa nne unabaki vile ulivyo. Tarehe 16 Mei haisongi.

Nasike


Kibera
20 Aprili 1998

Nasike,

Mulembe. Pasaka tumekula. Mke wa Kavoi amepata mapacha, nilikuwa hapo, wote wawili wanalia vizuri na mama yao alikunywa uji siku hiyo hiyo. Viatu vyako vimeshonwa. Boaz anasema unatembea kama mtu anayekimbizwa, umemaliza upande mmoja.

Umesema nikuambie. Nimekaa na Boaz siku tatu. Siku ya kwanza nilimwandikisha habari za mvua, akachana. Siku ya pili nilimfukuza. Leo ndiyo ya tatu na umeona nilichosema.

Mtu asinitishe na tarehe.

Nekoye


Kibera
7 Mei 1998

Nasike,

Mulembe. Leo hakuna kuku wala choo. Nimemkataza Boaz kupunguza neno.

Mama yako Nabalayo alishikwa na uchungu Jumatano asubuhi. Alikuwa anacheka. Alisema, "Mama, huyu atatoka na miguu, anavyonipiga." Mimi wakati huo nilikuwa nimezalisha wanawake wengi na hakuna hata mmoja aliyenifia. Watu walinisifu mpaka kichwa kikawa kikubwa kama sufuria ya matanga.

-----

Ulitoka saa nane mchana. Ulitoka na kichwa, na sauti. Nilikukata kitovu nikakufunga kwa leso yangu. Kondo la nyuma likatoka. Nikasema tumemaliza.

-----

Damu haikukoma. Kitambaa cha kwanza kikajaa. Mumbua akaniambia, "Nekoye, tumwite mtu wa mkokoteni, tumpeleke hospitali." Nikamjibu, "Mtoto ni wangu, nitakuuliza wewe?" Nikamkanda tumbo. Nikampa maji ya majani yangu. Kitambaa cha pili kikajaa. Nikangoja.

-----

Nilingoja mpaka cha nne. Niliona aibu. Mimi Nekoye nimpeleke binti yangu mwenyewe kwa manesi, waseme, huyu si ndiye anayejua? Hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani, wakati mtoto wangu anaisha. Tulipompandisha mkokoteni miguu ilikuwa baridi. Alikufa kabla hatujafika lami. Hakuna gari lililotukataa, hakuna daktari aliyekosea. Ni mimi.

-----

Ulikuwa na miaka minne ulipouliza mara ya kwanza. Nikasema malaria, kwa sababu ilikuwa karibu na mdomo. Halafu ukakua, na neno lilikuwa limeshakaa.

-----

Tangu siku hiyo kitambaa cha pili hakijai mbele yangu. Cha kwanza kikijaa, mwanamke yuko njiani. Nimewapeleka kwa mkokoteni, kwa mgongo, mmoja juu ya mlango wa Boaz tulioung'oa. Wenzangu wanane nimewafundisha hivyo. Kanini alichelewa siku moja, nikamchapa mikono mbele ya mume wake.

-----

Andika jina la mama yako kwanza. Halafu langu.

Nekoye

Nasike, ni mimi Boaz. Mistari hiyo ni mazoea yangu ya ukatibu wa kanisa, jambo likiisha napiga mstari. Ila ule wa baada ya "nikangoja" nilikosea. Alinyamaza, nikadhani amemaliza kabisa, nikafunika kalamu. Samahani.


Kawangware 46
18 Mei 1998

Kukhu,

Mulembe. Huku ni wazima. Siwezi kuandika habari zingine, acha niende moja kwa moja.

Valentine alikaa na barua yako siku sita ndani ya furushi la nguo. Aliniletea Jumatano na mkutano ni Jumamosi. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na watu wananipita na ndoo. Halafu nikaingia nikaipiga chapa mahali pa ukurasa wa nne, neno kwa neno. Majina nikayaweka juu: Nabalayo. Nekoye. Nasike. Nilikuwa na haraka, nikanakili kila kitu kilichoko kwenye karatasi, hata ile mistari ya Boaz. Haikunijia kwamba kwa Boaz ni mazoea, lakini kwa programu yangu ni amri.

Jumamosi walikuja wanane. Skrini tuliiinua juu ya meza mbili, wakakaa kwenye benchi. Ilibidi nisome kwa sauti kwa sababu Mzee Dedan alisahau miwani. Nikasoma kurasa tatu za mwanzo vizuri. Nikaingia kwenye barua yako. Nilidhani ni ukurasa mmoja mrefu, kumbe inakatika kila mahali Boaz alipopiga. Nikafika "Nikangoja." Ikasimama hapo.

Nilitakiwa kubonyeza Enter tu. Kukhu, sikuweza. Nilijua kinachofuata, nilikuwa nimekipiga chapa mimi mwenyewe, na bado nilisimama kama nisipobonyeza haitatokea.

Mzee Dedan akasema, "Mashine imekufa?"

Wakarima akamwambia, "Haijafa, Mzee. Inangoja yeye."

Mwishowe Sista Angeline akaondoka kwenye benchi, akapita mbele ya magoti ya watu, akabonyeza yeye. Alisoma yeye mpaka mwisho. Alipofika pale pa mlango wa Boaz alivua miwani akaifuta, akaendelea.

Sasa uamuzi. Wakunga wamekubaliwa. Watafanya kazi na manesi kwenye vyumba vyote viwili, na sharti la kwanza ni lako: kitambaa cha kwanza kikijaa, mwanamke yuko njiani. Wamesema litabandikwa ukutani. Hakuna jina linaloenda kwa chifu.

Halafu Mzee Dedan akasema, "Lakini huyu mama amekiri mwenyewe. Mtu aliyekiri tutamwekaje?" Wakapiga kura. Watano kwa watatu. Wenzako wanane wataingia. Wewe hutazalisha tena.

Niliruka. Nikamwambia, "Mzee, hilo sharti mnalobandika ni la nani? Mmechukua maneno yake mkamwacha yeye nje?" Akaniambia niketi, mimi ni msichana wa mashine. Nikamwambia basi atafute msichana mwingine wa kuwasha mashine. Wakarima alinivuta sketi mpaka zipu ikatoka.

Ni mimi nimekumaliza. Ningeacha "mkunga mmoja" ungekuwa bado na kazi yako. Kwa hivyo nimeamua kuandika barua ya kupinga. Nitasema hayo ya vitambaa nilitunga mimi ili watu wasilale. Wataniamini, ni msichana wa mashine. Wewe sema ndiyo tu.

Na yale mengine, toka kitambaa cha pili mpaka cha nne, bado nina hasira. Sijui itaisha lini. Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara nikifika hapo nataka kutoka mbio nimwite mtu wa mkokoteni.

Nasike


Kibera
31 Mei 1998

Nasike,

Mulembe. Mguu umepata nafuu. Choo kimejengwa, tumepewa mabati na watu wa kanisa. Boaz ni mzima, bado anakuomba msamaha kwa ule mstari. Nimemwambia anyamaze, mstari huo umenisaidia kuliko yote aliyowahi kuandika.

Barua ya kupinga usiandike. Ukisema ulitunga, umemgeuza Nabalayo kuwa kitu cha kutungwa. Amekuwa malaria miaka hii yote, inatosha. Na usijifanye wewe ndiye uliyenimaliza. Nilisema mwenyewe, mdomo ni wangu, nilijua maneno yanaenda wapi. Hukuniuliza kama naogopa chifu, na wewe unaanza kunificha! Mimi nifichwe na mtoto anayemaliza viatu upande mmoja!

Huyo Mzee Dedan ana adabu kidogo kama mashine yako. Lakini hakusema uongo. Nilikiri. Wakati mwingine mtu unayetaka kumpiga kofi anasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kanini na wenzake walianza Jumatatu hapa karibu na Ayany. Nilienda kuangalia. Kuna maji ya mfereji, kuna taa, kuna kitanda chenye magurudumu. Nilikisukuma huku na huku mpaka nesi akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kosa. Sikuliona. Nilirudi nyumbani nimekasirika sana.

Juzi binti wa nyumba ya tatu alinibishia mlango, ameshika kiuno. Nikamwambia, "Nenda kwa Kanini." Akasema, "Lakini Kukhu, mimi mwenyewe ulinizalisha wewe." Nikamwambia nenda, unasimama hapo kwa nini, unataka kuzalia kwenye matope? Alipoondoka nikanawa mikono. Sabuni mpaka kwenye viwiko, vile ninavyofanya. Halafu nikakaa kwenye kiti na mikono iliyonawa. Amepata msichana. Waliniambia kesho yake.

Una hasira na mimi. Kaa nayo, ni yako, umeipata kwa haki. Mimi pia ninayo. Nyingi ni ya Nekoye, nyingine ni ya Mzee Dedan, na iliyobaki ni yako kwa sababu ya ule mlango, bawaba imelegea mpaka leo.

Valentine amesema kichwa chako kimekuwa kama kiota cha kunguru. Ulisimama mbele ya kamati, ukamtaja mama yako, na nywele hizo? Njoo Jumamosi. Mashine iache huko. Lete kichana, changu kimeng'oka meno. Utakaa chini kati ya magoti yangu na hasira yako yote, sitakuambia uitoe, na mimi nitakusuka. Ila ukisogeza kichwa nitakigonga.

Nekoye